Mchongaji wa Mikindani, kiko chenye shingo ndefu na mashine ya kukereza

Kijana wa kisa hiki ni mchongaji wa Mikindani, Mmakonde ambaye kwao ni Newala. Mpingo ameujua tangu utoto, tezo anaishika bila kufikiri, na baraza lake halikosi sanamu ambazo hazijaisha. Siku moja mgeni alimwachia kiko kilichovunjika mdomo. Akakitengeneza kwa pembe ya ng'ombe, kikatoka kizuri kuliko kilivyokuja. Mgeni akamwuliza kama angeweza kuchonga kizima, cha mpingo, chenye shingo ndefu iliyojaa watu waliobebana kama zile sanamu za ujamaa. Akamwonyesha picha, akamwahidi kwamba wenzake huko kwao wangenunua pia. Malipo ya awali hakuacha.

Ahadi hiyo ilitosha kumfanya kijana aanze kutafuta mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti huku chombo kikiukata. Hela hakuwa nayo, lakini alikuwa na mjomba mwenye mikorosho Newala, na kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kuombwa ruhusa tu, ni mwenye neno la mwisho. Mnada ulikuwa umepita, malipo yameingia benki kupitia chama cha msingi, na kabla hela haijaanza kuliwa na ada za shule na palizi ya msimu unaofuata, wawili hao walikuja karakanani kwangu Mtwara mjini. Kijana alikuwa na mashine tatu kwenye simu. Mjomba alikuwa na swali moja.

"Fundi, niambie ipi ni ya maana. Mimi hela yangu siirushi baharini."

Ya kwanza ilikuwa mashine ndogo ya kukereza chuma, mpya, ya inchi 7, ya kuagiza kupitia duka la Kariakoo. Ya pili ni mashine ya mbao iliyotumika, inchi 12 kwa 36, iliyokuwa kwenye karakana ya samani Dar es Salaam. Ya tatu imetengenezwa hapahapa Mtwara: fremu ya chuma cha pembe, mota ya pampu, puli mbili, na kichwa cha nyuma, kile kinachoshika biti au mwisho wa mti, kilichochomelewa kwa mkono. Bei zilipishana sana. Ile ya chuma ilikuwa ghali kuliko zote, ya kienyeji ilikuwa rahisi mno hadi mjomba akaanza kuitilia shaka kwa sababu hiyo tu.

Niliwaomba tusiguse bei kwanza. Nilitaka kijana anionyeshe kwenye kipande cha mti kazi ambayo mkono wake hauwezi. Umbo la nje la kiko, yaani tumbo la bori, mviringo wa shingo, nakshi, yote hayo anayachonga kwa patasi na tupa vizuri kuliko mtu mwenye mashine ya bei mbaya. Mtu asiyejua kuchonga hutegemea mashine impe umbo. Huyu alikuwa nalo tayari. Alichokosa ni matundu matatu.

Tundu la kwanza ni bori, shimo la kuwekea tumbaku. Kwa kiko cha kawaida lina kipenyo cha milimita 19 au 20 na kina cha milimita 35 hadi 45. La pili ni la mwisho wa shingo, ambamo ulimi wa mdomo, yaani ncha nyembamba ya kipande cha kuvutia, unaingia. Milimita 8 kwa kipenyo ni kipimo kinachotumika sana, na kina chake huzidi kidogo milimita 20. La tatu ni njia ya moshi, milimita 3.5 au 4, inayotoka ndani ya hilo tundu la ulimi, inapita katikati ya shingo yote na kutokea chini kabisa ya bori. Chini kabisa, si pembeni. Njia ikitokea juu ya sakafu ya bori, chini kunabaki kidimbwi cha tumbaku mbichi yenye unyevu ambayo haitaungua kamwe, na mvutaji atasikia kiko kinakoroma. Ikipita chini ya sakafu, bori halikutani nayo, na ukilazimisha kwa kuongeza kina unakula unene wa kitako. Kuta zinatakiwa zibaki na milimita 6 angalau, kitako kizidi hapo, la sivyo moto utatoboa.

Kijana alikuwa ameshajaribu kwa drili ya mkono kwenye mwembe. Nilikipasua kipande chake katikati kwa msumeno ili tuone ndani, na hapo ndipo mjomba alipoinama kwa mara ya kwanza. Biti ya milimita 4 ilikuwa imeingia vizuri kwa sentimita kama tatu, halafu ikafuata mkondo wa nyuzi za mti na kupinda taratibu kuelekea ukuta wa kushoto. Mdomoni mwa tundu usingeona kasoro yoyote. Mwishoni ilipishana na bori kwa upana wa ukucha.

Biti ndefu nyembamba hufanya hivyo. Unaanza na biti fupi ngumu isiyopinda, unaikuta njia imeshanyooka, ndipo unaingiza ndefu, na unaitoa kila baada ya milimita chache kumwaga unga. Mpingo una mafuta. Unga wake hujibana kwenye mifereji ya biti, joto linapanda, biti inakwama na kukatika ndani. Mashine ya kukereza inasaidia hapa kwa sababu moja ya kimakanika: kazi ndiyo inayozunguka, biti imetulia kwenye kichwa cha nyuma. Kazi inapozunguka juu ya mhimili wake, biti ina kawaida ya kuufuata mhimili huo. Kwenye drili ya mkono hakuna kitu cha kuirudisha ikishaanza kupotea.

Mtu anaweza kusema drili ya kusimama, ile yenye meza, ingetosha. Ingetosha. Wapo watengenezaji wa viko wazuri wanaotoboa kwa drili ya kusimama na jiliwa, wakachora mistari ubavuni mwa mche, yaani kipande cha mti ambacho hakijachongwa, na kuifuata. Nililisema hilo mbele ya mjomba, kijana akanikazia macho.

Tukaja kwenye mashine zenyewe. Hapa wanunuzi wengi huuliza uzito, nguvu za mota na urefu. Kwa kiko, swali la kwanza ni nafasi kati ya mhimili wa mashine na kitanda chake, yaani zile reli za chini ambapo vichwa vyake vinakaa. Mashine ya inchi 7 inaweza kuzungusha kitu chenye kipenyo cha milimita 180, maana yake kutoka katikati hadi kitandani kuna milimita 90 tu. Kutoboa njia ya moshi na tundu la ulimi hakuna shida, kwa sababu mche unazunguka kwa urefu wake na bori linachukua nafasi ndogo. Shida inakuja ukiugeuza mche ili utoboe bori. Sasa shingo inatoka nje pembeni kama mkono ulionyooshwa, na mkono huo unapita juu ya kitanda kila mzunguko. Kiko cha kawaida kina shingo ya sentimita 6 au 7 kutoka katikati ya bori, kinapita. Kiko cha huyu mgeni, chenye watu waliobebana, kilihitaji shingo ya sentimita 11. Kingegonga.

Ile ya mbao ya inchi 12 ilikuwa na milimita 150 na ushee kutoka mhimili hadi kitandani. Inapita, na nafasi inabaki. Ila ilikuwa na ugonjwa mwingine ambao tangazo halikuusema: mwendo wake wa chini kabisa ulikuwa zaidi ya mizunguko 600 kwa dakika. Kwa mguu wa kitanda huo ni mwendo wa kobe. Kwa mche wa kiko uliokamatwa upande mmoja, shingo imechomoza, uzito haujasawazika, mashine nzima inatikisika, na ole wake aliyesogeza vidole. Tena biti ya milimita 19 kwenye mpingo kwa mwendo huo inaunguza mti badala ya kuukata. Nisingependa kuona zaidi ya 400. Wanaonunua huangalia mwendo wa juu ulioandikwa kwa maandishi makubwa. Anayetaka kutengeneza viko atafute ule wa chini.

Dawa yake haikuwa ghali. Mota ya kawaida ya hapa kwetu, kwenye umeme wa hezi 50, huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Ukiweka puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 20 kwenye mhimili, unapata kama 360. Puli ya namna hiyo inakerezwa Mtwara bila kwenda Dar.

Ya kienyeji tulikwenda kuiona wenyewe. Fundi aliyeitengeneza alikuwa muungwana, akatuwashia, ikavuma vizuri. Nikaomba aizime, nikasogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake ikakaribiana na ncha ya kichwa cha mbele, nikaweka wembe kati ya ncha hizo mbili na kukaza kidogo. Ncha zikitazamana sawasawa, wembe unasimama wima. Ule uliinama mara moja, juu ukilalia kwetu. Nilitoa, nikarudia, ukainama vilevile. Kwa miguu ya vitanda na michi ya kutwangia hilo halina neno, mti unazunguka kati ya ncha na mkerezaji anafuata kwa jicho. Kwa kutoboa, biti inayosukumwa na kichwa cha nyuma kisicho kwenye mstari inachimba tundu pana mdomoni, na ulimi wa milimita 8 utacheza ndani yake kama jino bovu. Fundi hakukasirika. Alisema angeweza kukirekebisha kichwa kwa vipande vya bati chini yake, na nadhani angeweza kweli, lakini kila kikisogezwa na kukazwa upya kingerudi kulekule.

Mpaka hapo ungedhani jibu limepatikana. Mjomba ndiye aliyelipindua.

"Sasa hii mashine itakaa bure inamsubiri Mzungu?"

Kijana akasema, "Hapana mjomba, wapo wengi, wananunua kwa intaneti."

"Wapo. Wameshakutumia hela?"

Swali hilo lilikuwa la maana kuliko inchi zote nilizopima. Watu wanaovuta kiko cha kuchongwa kwa mkono wapo Ulaya na Marekani, na wanalipa vizuri, lakini wana macho makali. Kabla hata ya kuvuta, mnunuzi atachukua kile kijiti cha waya chenye pamba cha kusafishia na kukiingiza mdomoni mwa kiko kilichofungwa kamili. Kikitokea kwenye bori bila kukwama, amekubali. Kikikwama kwenye ulimi, nakshi yote ya Kimakonde haitakiokoa. Kufikia hapo ni kazi ya miezi, na mwenye mikorosho haishi kwa ahadi za miezi. Mjomba alitaka mashine ya chuma kwa sababu bodaboda wapo kila kona na hawaishi kutafuta mtu wa kuwakerezea bushi. Wazo si baya. Ila mashine ya inchi 7 ni ndogo kwa kazi hizo pia. Ingewakubali wachache na kuwakataa wengi.

Lililokuwa wazi kwangu ni hili la mbao. Mikindani na Mtwara watu wanaoa, wananunua vitanda, na miguu ya kukereza bado inapendwa. Mguu wa kitanda hautaki nafasi kubwa kutoka mhimili, unataka urefu. Inchi 36 ni sentimita 91, mguu unaingia na nafasi inabaki. Kiko kilitaka upana, kitanda kilitaka urefu, na mashine moja kati ya zile tatu ilikuwa na vyote viwili. Nilimwambia mjomba aihesabu kama mashine ya miguu ya vitanda ambayo jioni inatengeneza viko. Akanyamaza, akauliza inakula umeme kiasi gani. Mota ya nusu farasi ni kama wati 370. Alipofananisha na pasi ya mkewe akacheka.

Kabla hawajatuma hela niliwasisitizia mambo ya umeme, maana mashine za mtumba zinatoka kila mahali. Kibao cha mota kisomwe kwa macho, si kwa maneno ya muuzaji: volti 220 hadi 240, fezi moja. Mashine nyingi za karakana ni za fezi tatu, na nyumba ya Mikindani yenye LUKU ya kawaida haina hiyo. Ya Marekani ya volti 110 ni mzigo mwingine. Na umeme ukiwa hafifu, mota ikawa inaguna bila kuzunguka, izimwe papo hapo; mota ya namna hiyo inaungua kwa kulazimishwa.

Suala la mbao nilikuwa nimeliacha makusudi, kwa kuwa nilijua litaleta ubishi. Kijana alitaka kiko kizima kiwe cha mpingo. Mpingo ni mti wa zumari za Ulaya, klarineti na oboi, mzito hadi unazama majini, na unapokea nakshi kama hakuna mti mwingine. Kwa bori siupendi. Una mafuta yake, na ukipata joto la ghafla unaweza kupasuka. Kwa miaka zaidi ya mia na hamsini mti wa viko duniani umekuwa kifundo cha mzizi wa briar, Erica arborea, kinachochimbwa kandokando ya Mediterania, kikachemshwa kwa saa nyingi na kukaushwa kwa miezi mingi kabla ya kuuzwa. Mti huohuo unaota hata milimani kwetu, Kilimanjaro ukiwemo, ila huko ni hifadhi, asije mtu akasikia hapa akapanda na jembe. Wenzetu wa Arusha walipita njia tofauti kabisa: kampuni ya Tanganyika Meerschaum ilitumia lile jiwe jeupe jepesi la eneo la Amboseli, ikauza viko vyenye jina la Kiko na alama ya tembo hadi ng'ambo. Kwa hiyo biashara hii si ngeni nchini.

Na mkorosho, kwa kuwa mjomba aliuliza: hapana. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na mti wa ukoo huo sitaki moshi wake upite kinywani mwa mtu.

Tulikubaliana bori liwe la briar na shingo ya mpingo. Vipande vya briar vilivyokwisha kutobolewa matundu yote matatu na kufungwa mdomo vinauzwa kwa wanaojifunza. Nilimshauri aanze na viwili vitatu vya namna hiyo hata kabla mashine haijafika, achonge umbo tu, avue mdomo, apitishe kijiti, aone ndani jinsi njia inavyokutana na sakafu. Hilo ni somo ambalo maneno hayalifikii. Kisha shingo ya mpingo inakerezwa peke yake na kuunganishwa kwa ulimi. Msomaji makini ameshaona kilichotokea: bori likiwa na shingo fupi na mpingo ukiwa kipande cha pembeni, ule mkono mrefu unaogonga kitanda haupo tena, na hoja yangu dhidi ya mashine ya inchi 7 imepungua nguvu. Ni kweli. Kwa kiko hicho peke yake ingefaa, pengine kuliko ya mbao, kwa kuwa inasogeza chombo kwa vipimo na uso wa shingo na wa mdomo ungekutana bila ufa. Kilichoamua ni vitanda.

Mpingo nao una sheria zake. Jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, karibu yote imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Kwa masharti ya tangu 2019, bidhaa iliyokamilika ambayo mbao hiyo ndani ya shehena moja haizidi kilo 10 haihitaji kibali cha CITES, na kiko kina gramu chache tu. Lakini mti wenyewe lazima uwe umetoka kihalali, na TFS, wakala wa serikali wa misitu, hawaulizi kama ulikuwa gogo au kipande cha sanamu. Mtu wa kusini hana sababu ya kununua wa magendo: vijiji vya Kilwa, Kikole na Kisangi vikiwa vya mwanzo, vina misitu ya jamii iliyopata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, kuanzia mwaka 2009, na mabaki ya gogo yanayotupwa kwa sanamu yanatosha shingo nyingi.

Jambo la mwisho lilikuwa baraza. Kijana alitaka kuifunga mashine pale anapochongea, ambapo bibi yake hukaa mchana kutwa na watoto huchezea chini. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na linaleta pumu. Kwa tezo linaanguka kama vipande, kwa mashine na msasa linaelea hewani. Nilikataa katakata. Mashine imefungwa uani, chini ya bati, na yeye anavaa barakoa ya kuchuja vumbi, si kitambaa. Glovu hakuna, msuli hakuna, mikono mirefu hakuna. Chaki, zile taya zinazokamata kazi na kuzunguka nayo, ikikamata kitambaa haisikii ukipiga kelele.

Mashine ilifika kwa lori, ikabadilishwa puli, ikapimwa kwa wembe, ukasimama. Miguu ya vitanda ilianza kuingiza hela mapema, na mjomba amerudi Newala akiwa na sura ya mtu aliyeshinda kesi. Viko vinakwenda polepole. Cha kwanza kilichopitisha kijiti kilitokea baada ya vingine kuishia jikoni kuwasha moto, na kijana amejifunza kuchungulia ndani ya bori kwa tochi ya simu biti inapokaribia: kwanza inaonekana nukta, halafu mwezi mwembamba mweusi pale njia ya moshi inapokatwa ubavu, anaendelea kidogo hadi mwezi unakuwa duara na kingo yake ya chini inalala sawa na sakafu, hapo anaacha. Nta ya kung'arishia bado inamsumbua. Alipaka ya nyuki, kiko kilipopata moto ikamnata mkononi, kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kidogo. Ile ya karnauba inavumilia zaidi ya 80, ameagiza.

Mgeni ametumiwa picha, amesifu, na ameuliza kama shingo inaweza kuongezwa mtu mmoja zaidi juu. Safari hii kijana amemwomba nusu ya malipo kwanza, na chaki ya taya mbili, inayokamata mche wa bori pande zote mbili bila kuupima upya, itachongwa karakanani kwangu nusu hiyo ikiingia.